Bangili ya Feruzi ya Baba Silvanus

Baba, mwaka umetimia tangu utuache, na lifti ya jengo letu hapa Flemingdon Park imekuwa kimya. Hakuna tena anayewazuia majirani mlangoni mpaka watazame bangili yake.

Ulikuwa dereva wa lori. Kila ulipopeleka mzigo Arizona ulipita kwa Bi Verna, sonara wa Kinavajo, wenyeji wa asili wa huko, ukamtazama akigonga fedha kwa nyundo na kupachika mawe ya feruzi. Ndiye aliyekutengenezea bangili ile, pana kama bandeji. Jirani yetu Jalaludin akakutania, "Mzee Silvanus, mwanamume na bangili? Bado hereni tu."

"Hereni nimeagiza," ukamjibu, wala hukucheka. Alikuamini mwezi mzima.

Kisha Mama akaiona ina weusi kwenye michoro. Akachukua limau na waya wa kusugulia sufuria, akaisugua mpaka ikametameta.

"Mama Japhet! Weusi wangu uko wapi?"

"Ule uchafu? Nimeutoa. Unaringia watu na mkono mchafu!"

"Fundi aliuweka makusudi, michoro ionekane!"

"Angeniambia mimi. Weusi ninao wa bure, njoo uchungulie oveni."

Ulinuna mpaka chai ilipoiva. Safari iliyofuata ukaiacha bangili kwa Bi Verna airudishie weusi wake. Ulisema utaipitia safari nyingine, lakini moyo wako ulisimama kabla ya safari hiyo.

Kwa hiyo tulikuzika mkono mtupu. Wengine tulilia kwa mengi. Mama alililia hilo. "Nimemzika mume wangu mkono mtupu kwa sababu ya waya wa sufuria," alikuwa akisema, na hakuthubutu kumpigia Bi Verna, ambaye bado alikuwa akikungoja.

Mwezi uliopita Mama alijikaza akampigia. Aliniketisha mimi, Jacqueline, karibu na simu ili nimtafsirie. Nilitafsiri sentensi mbili. Baada ya hapo walilia wenyewe, mmoja kwa Kiingereza, mwingine kwa Kiswahili, na hakuna aliyemwuliza mwenzake amesema nini.

Juzi bangili ilifika kwa posta. Weusi umerudi kwenye michoro yote, isipokuwa kona moja inayong'aa kama kijiko kipya. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Bi Verna kwa Mama: "Dorotea, kona hii ni kazi ya mikono yako. Nimeona si haki kuifuta."

Mama alicheka, Baba. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaivaa. Akiinua mkono inamteremka hadi kwenye kiwiko, naye hataki kuivua hata anapokanda unga wa chapati.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Unakumbukwa na mkeo Dorotea, wanao Japhet na Jacqueline, dada yako Domina aliyeko Bukoba, jirani yako Jalaludin, na rafiki yako Bi Verna.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote tutakazoishi.