Mafuta ya Uso Wangu Si Vumbi la Mgodi

Jumamosi, jioni. Upepo mkavu tangu asubuhi, na malori ya mgodi wa Mashamba yamepita mchana kutwa, kwa hiyo kila kitu hapa nyumbani kina rangi moja, hata majani ya mihogo. Nimekasirika. Naandika sasa hivi, kabla hasira haijapoa nikaanza kujionea aibu.

Leo familia ya Héritier, mchumba wangu, ilikuja kujitambulisha. Ni ile siku ya kwanza, kabla ya mahari, wanapoleta kreti za vinywaji na kuziweka katikati ya sebule. Hakuna anayegusa chupa mpaka msichana aitwe na kuulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni hao, na kama watu wake wanywe. Akikubali, chupa zinafunguliwa na mambo yanaendelea. Msichana hujibu kwa neno moja au mawili, na wengi hawainui hata macho.

Mimi niliinua uso mzima. Na uso wenyewe ndio ulioleta maneno.

Nina miaka ishirini na tano, na chunusi ninazo tangu kumi na tatu. Paji la uso, pua, kidevu. Ikifika saa nne asubuhi nimeshaanza kung'aa. Juu ya pua nina vidoa vyeusi vidogo, vingi, na hapa Kolwezi mtu akiviona vidoa vile hafikirii ngozi, anafikiria mgodi. Wanasema ni vumbi la madini lililoingia likakwama. Wanasema msichana huyo alikuwa anaosha mawe mtoni pamoja na wachimbaji, kisha wanaongeza yale wanayopenda kuyaongeza juu ya wasichana wanaoosha mawe. Mimi sijawahi kuosha mawe. Rafiki yangu mmoja ameyaosha miaka mitatu ili kulea wadogo zake, na ngozi yake ni laini, haina hata kipele kimoja. Hilo hakuna anayeliuliza.

Sasa niungame. Mimi nimesomea uuguzi na ninauza dawa katika famasia. Kila wiki nawaeleza wasichana, tena kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba wasisugue uso. Halafu wiki mbili zilizopita tantine Béa, shangazi yangu, dada yake Papa, aliyenilea tangu mama yangu afariki, aliingia chumbani kwangu na kipande cha sabuni ya kufulia, ndimu tatu, na kopo la krimu iliyochanganywa sokoni na mwanamke ambaye hataji ameweka nini ndani. Akaniambia, "Suguwa mupaka ilie." Yaani nisugue mpaka ngozi itoe sauti kama sahani iliyooshwa vizuri.

Nikasugua. Siku nne, asubuhi na jioni, nikijua kabisa ninachokifanya. Siku ya tano mashavu yaliwaka hata kwa maji baridi, yakaanza kubanduka, na chini ya ngozi iliyobanduka chunusi zilikuwa pale pale, zimevimba zaidi. Niliogopa kumwambia hapana mwanamke aliyenifundisha kutembea. Ndiyo sababu, na ni sababu mbaya.

Krimu yenyewe sikuipaka. Nilifungua kopo nikanusa, nikakumbuka wateja wangu. Mara nyingi michanganyiko hiyo ina kotizoni, dawa kali isiyopakwa bila daktari. Wiki za kwanza uso unakuwa laini, kila mtu anakusifu, kisha unatoka vipele vingi kuliko mwanzo na ngozi inakuwa nyembamba.

Ninachowaambia watu pale dukani ni hiki, na nakiandika hapa ili nisikisahau tena. Pembeni ya shina la kila unywele kuna kitezi kidogo kinachotengeneza mafuta. Mafuta hayo hayaji kutuaibisha. Yanazuia ngozi isikauke, na kwa huu upepo wa kiangazi tungekuwa tumepasuka kama visigino bila hayo. Tukibalehe, homoni zinavikuza vitezi, vinatoa mafuta mengi zaidi, na kwa watu wengine, kama mimi, havipunguzi hata baada ya miaka. Kitezi kinasikiliza homoni na damu ya ukoo. Sabuni ya kufulia haifiki kule kiliko. Inachofanya ni kuichubua ngozi ya juu, basi.

Shida inaanza pale ngozi iliyokufa inapogandamana na mafuta na kuziba kitundu. Kikizibika kwa ndani, kunatokea kipele cheupe. Kikibaki wazi, kile kizibo kinakutana na hewa na kinageuka cheusi, kwa sababu ya rangi ile ile ya ngozi iliyomo ndani yake. Vijidudu ambavyo kila mtu anaishi navyo vinapata karamu humo, mwili unapigana navyo, ndipo uvimbe na usaha. Weusi ule si udongo. Ungeniogesha mwezi mzima mtoni usingetoka, na ungenihamishia Ulaya kwenye theluji ningekwenda nao.

Basi leo niliosha uso mara moja kwa sabuni laini, nikapaka dawa yangu ya kweli, ile inayotaka subira ya wiki nyingi, na nikakataa poda. Tantine alinitazama, akaifunika poda.

Walipoketi, nikaitwa. Nikapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa. Mama Clotilde, mama yake Héritier, ni mfanyabiashara anayekwenda Dilolo, mpakani, kununua bidhaa zinazotoka Angola, na amezoea kukagua mzigo. Alinishika kidevu, akanigeuza kuelekea dirishani. Kisha akamwambia Papa, kwa upole kabisa:

"Mutoto ni muzuri. Lakini uyu alitumika mu kariere. Angalia mavumbi ku pua. Mumusafishe mbele ya dot."

Kariere ni machimbo, yaani nilifanya kazi huko. Dot ni mahari. Nisafishwe kwanza, ndipo watoe mahari.

Tantine akajibu haraka, "Tuko tunamusafisha, mama. Tunamupaka dawa." Nadhani alitaka kuniokoa. Mimi niliumia na jibu lake kuliko na lile neno la kwanza.

Nilimtazama Héritier. Tulisoma darasa moja miaka sita. Anajua nilikuwa wapi kila siku ya maisha yangu, anajua hata nilikuwa nakaa dawati gani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kwa kweli, kama angesema neno moja tu, hata la utani, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Papa akataka kuyapitisha. Akauliza swali la desturi: "Ngoie, unajua aba bantu? Tukunywe?"

"Nabajua, Papa. Lakini tusikunywe kwanza."

Sikuwa nimepanga. Nilitoa leso nyeupe ya karatasi mfukoni, nikaibandika kwenye paji na pua, nikaibonyeza vizuri, kisha nikamwonyesha mama Clotilde. Ilikuwa na duara la mafuta, unaona mwanga upande wa pili. Hakuna hata chembe ya vumbi. Nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, kama ingekuwa mavumbi, ingebakia hapa. Ni mafuta ya ngozi. Kila mutu iko nayo." Nikamwomba samahani, nikamnyooshea leso nyingine ili naye ajaribu.

Hakuipokea. Mkono wangu ukabaki hewani.

Ndipo Papa akainuka kitini, mtu ambaye huwa hasemi maneno kumi kwa siku. Akaichukua ile leso mkononi mwangu, akajifuta paji lake taratibu, akaikunjua mbele ya wageni. Duara la mafuta, kubwa kuliko langu.

"Ile mafuta njo ya mama yangu," akasema, yaani ndiyo yale aliyorithi kwa nyanya yangu. "Mimi niko nayo, na mutoto iko nayo. Hakuna mutu alisemaka mama yangu ni muchafu."

Akaketi. Mzee mmoja wa upande wao akakohoa. Hawakukaa zaidi ya hapo. Waliaga vizuri, wakaziacha kreti sebuleni, na kwetu hiyo ina maana kwamba neno halijaisha. Watarudi Jumamosi ijayo kusikia jibu.

Tantine alikwenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta amenawa uso, hana poda. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona hivyo. Mashavu yake yana mabaka meusi yanayokaribia bluu, kutokana na miaka ya makopo kama lile alilonipa. Aliniambia nimemwaibisha. Nilimwambia najua, na kwamba nampenda, na kwamba kopo lake nimelitupa chooni. Alivuta karai la mihogo. Kisha akaniuliza kama pale dukani tuna dawa ya mabaka. Nikamwambia twende wote hospitali, maana mabaka kama yake yanahitaji daktari wa ngozi, na kwamba kwanza aache kupaka. Hakukubali wala hakukataa. Tulimenya mihogo.

Saa moja iliyopita Héritier ameniandikia kwenye simu. "Mama amekasirika. Paka tu ile dawa ya tantine mwezi moya, juu ya amani."

Juu ya amani, yaani kwa ajili ya amani. Ya nani, sijui.

Nimeisoma mara nyingi. Nampenda bado, sitaki kudanganya hapa. Nilitaka harusi hii. Nilishachagua kitambaa. Lakini nikipaka krimu kama ile mwezi mmoja nitakuwa nimekubali kwamba kulikuwa na kitu cha kusafishwa, na mwezi wa pili watapata kitu kingine.

Nimemjibu. Nimemwambia chunusi zangu zitapona, au hazitapona, kwa wakati wake. Jumamosi Papa ataniuliza tena swali lile lile, na kabla sijajibu nitamtazama yeye Héritier, si mama yake, na nitangoja aseme mbele ya watu wote kile anachokijua kuhusu mimi. Akitazama viatu tena, kreti zitarudi kama zilivyokuja, na mimi mwenyewe ndiye nitakayezibeba mpaka kwenye gari lao, jua la mchana likiniwakia usoni.