Seramu Aliyotumia Bosi

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi kutoka likizo, nakuta maabara nzima inachekelea. Bosi ananipa mkono: homoni yetu, steroidi, haina athari kwa moyo! Seli za moyo za vitoto vya panya, zilizopewa steroidi na zisizopewa, zote zinadunda sawasawa. Milango ya kupitishia kalsiamu kwenye kuta za seli, idadi ileile. Alhamisi anawatangazia madaktari wa wajawazito na watoto. Jina langu limo kwenye ripoti, la pili.

Haiingii akilini. Steroidi ikiingia kwenye seli changa inaamrisha milango iongezwe, kalsiamu inamiminika ndani, mapigo yanakwenda mbio. Mwaka jana niliyaona kwa macho yangu. Leo homoni imegeuka maji?

Jumanne, 5 Machi
Nimejua. Kwenye friji — chupa ya seramu, yale majimaji ya damu ya ndama wanayolishia seli. Ya kawaida! Sisi hutumia iliyochujwa kwa mkaa ili kuondoa homoni, maana damu ya ndama ina steroidi zake yenyewe. Kwa hiyo hata zile seli "zisizopewa" zilikuwa zinakunywa homoni tangu mwanzo. Sasa umelinganisha nini na nini, mzee?

Nikamfuata ofisini. Hata haya hana. Iliyochujwa ilichelewa, yeye asingeweza kusubiri. Halafu eti nisimtie doa mbele za watu. Nimetoka nachemka. Mlango niliubamiza, na sijutii.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi, ninayeishi naye, anauliza nimenuna nini hata masufuria yananiogopa. Nikamweleza. Akasema ninyamaze, mkubwa ni mkubwa, kazi zenyewe za kutafuta kwa tochi.

Nikamuuliza, na mdogo wangu je? Yuko wodini, mimba ya miezi saba, uchungu unatishia kuanza. Daktari wake anafikiria kumchoma steroidi ili mapafu ya mtoto yakomae. Sisemi sindano ni mbaya. Huenda ndiyo itakayomwokoa mtoto. Nasema suala la moyo hatujalipima, na bosi anataka kusema tumelipima. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Shangazi aligeukia sinki. Aliosha vyombo kwa kelele mpaka nikaenda kulala.

Alhamisi, 7 Machi
Ukumbini. Bosi kaniketisha mbele, anione vizuri. Naandika hapahapa, daftari magotini.

Kamaliza. Makofi. Daktari wa mdogo wangu amesimama safu ya tatu. Anauliza: kwa hiyo nimwambie mgonjwa wangu moyo wa mtoto hautaguswa?

Bosi ananitazama, tabasamu hadi masikioni. Aliyezilea seli hizi tangu siku ya kwanza ni mwenzangu huyu, anasema, atajibu mwenyewe.

Mwongo mkubwa. Nilikuwa likizo! Ananitwisha mzigo wake mchana kweupe, na ana hakika nitaubeba.

Maikrofoni inakuja. Jirani yangu ananinyooshea. Daktari bado amesimama, kalamu mkononi, anasubiri —