Bei Ukutani kwa Seth Dhanraj

Lokesh, nimeboronga. Mimi ndiye niliyesema ile programu ya duka la vito iko tayari.

Leo tumeiwasha dukani kwa yule tajiri wa vito, Seth Dhanraj, wanunuzi wamejaa. Si unajua pale bei wanapatana kwa vidole, mikono chini ya kitambaa, wa pembeni asijue? Sisi tumeianika ukutani, kwenye skrini kubwa! Skrini kubwa, Lokesh!

Mnunuzi mmoja kaona mwenzake kauziwa zumaridi zilezile kwa bei nafuu. "Seth, kumbe siku zote unaninyoa!" Wanunuzi wakatoka wote.

Bosi wetu Pankaj, aliyezeekea kwenye kiyoyozi, eti: "Seth-ji, huu ndio uwazi."

Seth akamtazama. "Mwanangu, ilikushinda kuja dukani kunywa chai moja tu, uone tunavyouza?"

Chai moja tu! Nilipotaka kwenda, Pankaj alinikataza, eti wateja hawajui wanachotaka. Na mimi nikatii kama kondoo. Kumbe asiyejua ni yeye, kichwa maji yule!

Nimemwandikia Seth: "Seth-ji, naomba unipokee kesho. Nikae tu dukani, nitazame."

Tiki mbili za bluu. Kaisoma, basi.