Jiwe la Chifu Katikati ya Mji

Jumamosi, 13 Desemba

Eti jiwe la chifu! Leo nilikuwa najaribiwa kazi ya kutembeza wageni. Kaka Ambokile, ambaye ndiye angeniajiri, aliwasimamisha wageni wa Dar kwenye uwanja wa katikati ya mji akawaambia chifu aliketi juu ya jiwe lile kuwahukumu wezi wa ng'ombe. Wageni wakavua kofia. Kwenye mvua yetu hii!

Jiwe hilo baba yangu na wauza ndizi wenzake waliliviringisha pale nikiwa darasa la sita, ili bodaboda zisiegeshwe.

Ningenyamaza, kama kawaida yangu. Lakini mama mmoja akaniuliza, "Na wewe binti wa hapa, ni kweli?"

Nikatazama viatu vyangu. "Baba yangu ndiye aliyeliweka."

Walicheka sana, kisha wakapiga picha nyingi zaidi. Nikajua kazi nimeikosa.

Walipoondoka, Kaka Ambokile akasema, "Mdogo wangu, una kipaji. Jumatatu njoo uanze. Ila sema babu, usiseme baba."

Kazi naitaka. Nilijibu "Sawa, kaka" haraka mno. Sasa naogopa kwamba, kwa jinsi hadithi hii inavyokua, ikifika Pasaka baba atakuwa ndiye chifu.