Mtu Ndani ya Kauri

Kahama, 4 Juni 2024

Shikamoo Mayu,
Natumaini kifua kimepoa na mbuzi wote wamerudi. Mimi mzima, ila nina hofu.

Donatus mchimbaji aliniletea udongo mweupe kutoka duara, shimo la zamani la dhahabu lililoporomoka, kule Geita. Sijawahi kushika udongo laini vile. Nimeufinyanga kuwa taa za kauri, nyembamba hata kivuli cha kidole kinapenya. Lakini nikiwasha balbu ndani, anatokea mtu ameketi, amekumbatia magoti. Nimebadilisha balbu. Nimefinyanga nyingine sita. Yuko kwenye zote. Mteja mmoja amerudisha yake, anasema mwanawe mdogo anaiamkia shikamoo.

Mwanao,
Mbuke

Samuye, 11 Juni

Marahaba mwanangu,
Kifua kimepoa. Niulizie: duara hilo liliporomoka mwaka gani? Baba yako alikwenda machimboni mwaka 1998, wewe unatambaa. Wenzake walisema amehamia Mwanza kwa mwanamke. Nikaamini. Nguo zake nilizichoma zote.

Mama yako

Kahama, 2 Julai

Shikamoo Mayu,
Ni mwaka huo huo. Nilimbana Donatus, akasema, "Dada, wachimbaji wa wakati ule waliogopa kukamatwa. Walifukia, wakanyamaza." Jumamosi yeye na wenzake wamefukua. Wamempata mtu mmoja, ameketi vile vile. Hana kitambulisho, hana hata kiatu, na hakuna anayekumbuka jina. Njoo umtazame.

Mbuke

Samuye, 20 Julai

Mwanangu,
Nimefika salama kutoka mazishini. Uliniuliza pale kaburini, "Ni yeye?" Nakujibu hapa, mbali na watu. Mfupa hauna sura. Niliitafuta hasira yangu ya miaka ishirini na sita, sikuiona. Nimenyoa nywele. Majirani wakiuliza nani kafa, nawaambia mume wangu.

Mama yako

Kahama, 9 Agosti

Shikamoo Mayu,
Barua hii nampa kondakta ikufikie leo. Habari zimesambaa. Tangu alfajiri wanawake kumi na mmoja wameketi uani kwangu, wengine wametoka Bukombe, kila mmoja na picha ya mwanamume aliyepotelea machimboni. Nimewaambia yule tumeshamzika. Epifania, mkubwa wao, akanijibu, "Wetu bado."

Udongo umebaki ndoo moja. Juzi nilijaribu kikombe kimoja. Kwenye mwanga hakuwa mtu mmoja, Mayu. Nilishindwa kuwahesabu, nikakifunika kwa kanga. Niwaambie nini hawa?

Mbuke

Samuye, 9 Agosti, jioni

Mwanangu,
Kondakta anarudi usiku huu, nampa hii. Wapikie uji kwanza, wamekaa na njaa. Usiwashe balbu mpaka nifike. Kesho napanda basi la kwanza, nikae nao.

Mama yako