Kivuli cha Kreni

Baba,

Maji yamekuja leo. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya salamu, kwa hiyo nakujibu kwanza. Mfereji ulikohoa, ukatema maji ya kahawia, kisha yakasafika, lakini presha ni ya kusikitisha. Zile ghorofa mpya nyuma ya ploti yetu zimekwisha kujengwa na kila moja ina matangi yake juu ya paa. Sisi wa huku chini tunapata yanayobaki. Ile miti uliyokuwa ukiegeshea baiskeli imekatwa yote. Dirisha letu linatazamana na ukuta, nguo hazikauki, na upepo ukigeuka, moshi wa jalala la Dandora unaingia ndani na kukosa pa kutokea. Mtaa wetu wa Mowlem unakua haraka, Baba. Siku hizi nikisimama mlangoni nakumbuka yale uliyoniambia kuhusu mji ule ulikokwenda kufanya kazi.

Nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho niliufanya ukiwa tayari chini ya udongo wa nyumbani. Sitaandika juu ya mtihani.

Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Darasani nilikuwa nikijua jibu na kulimeza. Lakini Jumapili iliyopita nilisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu, na maneno hayo yalikuwa yako. Uliniachia niyafiche. Ndiyo sababu nakuandikia.

Unakumbuka Jumapili zetu. Mama na kaka Barasa wakienda kanisani, mimi nilibaki kungoja maji, kwa kuwa ndiyo siku yao ya kuja, na mtu asipokuwepo mitungi inabaki mikavu wiki nzima. Wewe nawe ndiyo siku uliyopumzika. Simu ikilia ulikuwa husemi hujambo. Ulisema, "Mayi, weka simu karibu na mfereji." Uliniita Mayi, yaani mama, kwa sababu jina langu Nekesa ni la mama yako. Basi nikaweka, ukasikiliza maji yakigonga mtungi mtupu, huko uliko, ng'ambo ya bahari, na ukaniambia presha imeshuka, kuna mahali paipu imepasuka, labda kule karibu na barabara. Nikienda kutazama nakuta watoto wanacheza kwenye dimbwi. Nilicheka peke yangu njiani. Ulikuwa bado fundi wa Mowlem, ila mwili tu ndio uliokuwa umeajiriwa jangwani.

Baadaye ulianza kunieleza. Sidhani ulipanga. Nadhani ulichoka kuongea na watu wanaouliza tu majumba yana ghorofa ngapi.

Ulisema mji ule hauna jana. Barabara mliyopita juzi leo imefungwa, imechimbwa, imehamishwa, na dereva wa basi lenu anazunguka akitafuta njia katika mji anaoishi. Mabomba mliyoyalaza kwa jasho mnayafukua kabla hayajapitisha hata tone, kwa sababu ramani imebadilika na mahali pa nyumba sasa ni mahali pa ziwa la kuchimbwa. Na kila mara mji unapojitanua, kambi yenu ya kulala inasukumwa mbali zaidi mchangani, mkawa mnaamka mapema zaidi ili mfike pale pale. Ulisema spana mliifunga kitambaa kibichi ndipo ishikike. Ulisema mfereji ukifunguliwa mchana unatoa maji ya moto wa kupikia chai, kwa hiyo mtu hujaza ndoo alfajiri ili jioni apate maji ya kuoga. "Nimekuwa fundi wa maji baridi," ukasema, "na sijawahi kuyaona." Hapo tulicheka wote wawili.

Ukanieleza nyasi. Nyasi za kijani pembeni mwa barabara, mchanga pande zote, na chini yake mipira midogo yenye matundu inayonywesha usiku kucha. Ulisema nyasi za njia moja zinakunywa kuliko ploti yetu yote. Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayetaja bei ya kitu asichokusudia kukinunua.

Na wazee. Hilo lilinikaa zaidi. Ulisema hujamwona mzee. Wote mnaoishi kambini ni watu wa kufanya kazi. Nguvu zikipungua, mtu anarudishwa kwao na kitanda chake kinapata mwingine. Ukijifunza jina la jirani yako, amekwenda. Wenye mji wako nyuma ya vioo, mahali penye baridi ya friji, na ninyi mkiitwa ndani kuziba bomba mnaingia mmelowa jasho, mnatoka mkikohoa.

Halafu kivuli. Mchana mlipopewa muda wa kula hapakuwa na mti, wala kibanda, ila ile kreni ndefu ya kunyanyulia vyuma. Kivuli chake kilikuwa chembamba kama mshipi. Mliketi ndani ya kivuli hicho kwa mstari, sahani mapajani, na jua likisogea mstari wote ulisogea. Ulisema, "Tunakula tukisogea, Mayi. Ukichelewa kusogea, unamaliza chakula chako juani."

Kila mara ulimaliza kwa neno moja. "Usimwambie mama yako. Atakosa usingizi bure, na mkataba haujaisha." Nami nilinyamaza. Kwangu mimi kunyamaza si kazi. Mama ulimtumia picha: wewe mbele ya majumba, wewe mbele ya ile chemchemi inayorusha maji juu kama mashabiki wanaoshangilia, umevaa koti la kuazima. Aliwaonyesha watu wote wa kikundi chake cha maombi.

Jumapili ya mwisho ulisema kichwa kinagonga kama ngoma, lakini hutoki jasho tena, mwili umezoea. Nilikwambia ni vizuri. Nilidhani ni habari njema, Baba; sikujua kwamba jasho likikauka hivyo, joto limeanza kuua.

Karatasi iliyokuja nawe ilisema moyo ulisimama. Hiyo tu. Picha iliyowekwa kwenye kijitabu cha mazishi ni ile ya chemchemi, kwa sababu humo ndimo ulimotabasamu. Watu waliopanga mstari kukuaga walikuwa wakiitazama na kusema angalau alipumzika mahali pazuri.

Baada ya kukuzika ikafika siku ya kunyoa nywele. Wewe ndiye uliyenieleza desturi hiyo tulipomzika babu: kwamba ukoo unaketi uani, na aliyemuuguza marehemu anasimama kueleza tangu mwanzo, alivyougua, alichokula, alichosema, mpaka pumzi ya mwisho, ndipo wembe utoke. Baba mkubwa alisimama akauliza, "Nani alikuwa naye?" Kuku tu ndio waliojibu. Akauliza tena. Barasa aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya wanawake, na ulimi wangu ulikuwa kama umeshonwa.

Wazee wakasema basi, wembe upite. Lakini Mama akakataa. Alikaa pale kwenye mkeka, akashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya chini sana, "Sinyolewi kwa mtu ambaye sijui alikufaje." Walinung'unika, shangazi akamwambia anatuletea mkosi. Hakusogea. Tukarudi Nairobi na nywele zake kichwani, na kitambaa kile kile hakijatoka, hata akilala.

Kisha ajenti akampigia Barasa.

Ni yule yule aliyekupeleka wewe. Alisema kampuni ile ile inataka fundi, na kwa kuwa wewe ulikuwa mwaminifu watamchukua mwanao bila maswali mengi. Barasa alifurahi kama mtu aliyeitwa kurithi kiti. Amekuwa akiziba mabomba ya mtaa kwa vifaa vyako, lakini maji yenyewe yako wapi? Mama hakusema aende wala asiende. Alinunua begi, taulo mpya na soksi. Marafiki wa Barasa wa stendi ya boda wakamwita Bosi wa Jangwa, wakamwambia akifika asisahau kuwatumia picha ya ile chemchemi.

Mimi nilikuwa nikijaza mitungi na kuhesabu maneno yako kichwani. Uliniambia nisimwambie Mama ili apate usingizi. Lakini Baba, Mama halali. Ulikuwa ukilinda kitu ambacho hakipo tena.

Jumapili iliyopita jioni wakaja watu wa kikundi cha maombi kumuaga Barasa. Chai, mandazi, viti vya kuazima kwa majirani mpaka kwenye ngazi. Mzee wa kanisa akaomba kila mtu wa nyumba hii atoe neno la baraka. Mama akasema Mungu amtangulie. Ilipofika zamu yangu Barasa akacheka, akasema, "Huyu Neki mwacheni tu, akiongea mvua itanyesha." Watu wakacheka, nami kawaida hucheka nao na kutazama chini.

Nikasimama. Nikaweka kikombe sakafuni. Nilitaka kusema mambo mengi kwa mpangilio, kama insha. Lililotoka ni hili tu: "Baba mkubwa aliuliza nani alikuwa naye. Mimi nilikuwa naye."

Hawakuelewa. Ikabidi niendelee, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikaeleza simu za Jumapili. Nikaeleza spana, ndoo ya alfajiri, barabara zinazohama, kitanda kinachopata mwingine. Nikaeleza kikohozi, ngoma ya kichwa, na jasho lililokauka. Mama alikuwa ameshika chupa ya chai akimiminia mtu. Akaiweka chini, pole pole, kama kitu kilicholala.

Barasa alisimama. "Unadanganya," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Baba angeniambia mimi." Hakuwa na hasira nadhani. Uso wake ulikuwa ule wa siku alipokosa nafasi chuoni.

Nikamwambia ulichosema juu yake. Kwamba asije huko, kwa sababu ana haraka, na huko mwenye haraka hasimami kunywa maji. Kwamba bado anakaza kabla ya utepe.

Hapo akakaa. Hakuna aliyejua neno hilo chumbani mle ila sisi. Tangu akiwa mdogo ulimwonya azungushe ule utepe mweupe wa kuzibia kwanza, ndipo akaze, na hadi leo anasahau, anafungua tena, na kukutukana kimoyomoyo. Alikaa kwenye kiti cha kuazima, akajifuta uso kwa kiganja. Watu wakaaga mmoja mmoja. Mandazi yalibaki mengi.

Siku ya ndege ikaja ikapita. Barasa hakusema haendi. Begi lilisimama mlangoni, limefungwa, tukawa tunaliruka tukitoka. Ajenti alipiga simu mpaka akachoka kisha akaanza tena. Mama hakuniambia neno lolote zaidi ya njoo ule. Niliogopa, Baba. Nilifikiri nimekupoteza mara ya pili, kwa kuwa siri ile ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho wewe na mimi, na sasa nimeigawa kama mandazi.

Leo asubuhi Mama hakwenda kanisani. Alikuja akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, kando yangu, tukangoja maji pamoja. Mfereji ukakohoa. Mtungi wa kwanza ulipokaribia kujaa akasema, "Niambie tena pale pa kivuli."

Nikamwambia. Mlivyopanga mstari, sahani mapajani. Mlivyosogea.

"Alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia wali na dengu, na Ijumaa samaki, na kwamba ulisema samaki wa huko hawana ladha kwa sababu hawaliwi kwa mkono. Alicheka kidogo, ikageuka kilio, akalia kama ambavyo hakulia kaburini. Nilifunga mfereji ili alie bila kuona aibu ya maji yanayomwagika. Baadaye akafungua kitambaa. Nywele zake zimekuwa nyingi, Baba, na mbele zina mvi ambazo hukuziona. Akatoa wembe kwenye pindo la leso, bado uko katika karatasi yake, sijui ameubeba tangu lini. Akanipa mimi.

Nilisema sijui kunyoa. Akasema, "Aliyekuwa naye ndiye anyoe."

Barasa alikuwa mlangoni. Akaleta karai, akachota kwenye mtungi, kisha akapiga magoti akafungua begi. Taulo ilikuwa juu kabisa, na karatasi ya bei ikining'inia. Akaitikisa, akaiweka mabegani mwa Mama.

Nikalowesha nywele zake, nikaanza kunyoa mbele, penye mvi.

Sijui tutaishije. Ajenti bado anapiga, na maji yatakatika jioni. Labda Barasa ataondoka siku nyingine, kwingine. Lakini nakuahidi hivi: akienda, au nikienda, au yeyote wa nyumba hii akienda, atakuwa na mtu wa kumwambia ukweli, na huyo mtu ataruhusiwa kuusema. Mimi sitafunga tena mdomo kwa ajili ya usingizi wa mtu. Hilo ndilo neno lako moja nisiloweza kulitii, na naomba uniwie radhi kwa hilo moja tu.

Mengine yote nayashika. Jumapili maji yakija nitatanguliza mtungi mtupu kabisa, ili maji yaugonge vizuri, na nitausogeza karibu na mfereji mpaka ujae. Sikiliza ukiweza. Sasa lala, Baba, upande ule wenye kivuli, usisogee tena.

Ni mimi,
Nekesa, Mayi wako