Nimekariri Maneno Thelathini, Mjukuu Wangu Hajui

Shangazi mshauri, naomba msaada, na naomba pia usinikemee kabla ya kufika mwisho, ingawa kwa umri pengine mimi ndiye ningekuita binti yangu.

Mjukuu wangu niliyemlea anasomea uzamivu katika sayansi ya ubongo, kwa ufadhili kamili wa miaka minne, na siku barua ya ufadhili ilipofika nilicheza jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa fagio, halafu aliposikia sababu akapanda ngazi tukacheza wote. Utafiti wake ni juu ya kumbukumbu za wazee: unalala ndani ya mashine inayopiga picha ubongo huku ukisomewa maneno thelathini, birika, mwavuli, ngazi na kadhalika, unakwenda zako, na baada ya wiki tatu unarudi kutaja yale unayoyakumbuka. Wazee wa kujitolea walikuwa haba, nikajitolea, na msimamizi wake akakubali kwa sharti kwamba nipimwe na mtu mwingine. Fomu ilisema wazi kwamba mtu asijikumbushe maneno nyumbani, na siwezi kudai sikuisoma, kwa sababu nilikuwa msahihishaji wa vitabu maisha yangu yote na nilirekebisha makosa mawili kwa kalamu nyekundu kabla ya kutia saini.

Basi nilitoka kwenye mashine nikiogopa kumwaibisha mtoto, nikaketi kwenye benchi la korido nikayaandika maneno niliyoyashika, fundi cherehani mstaafu aliyepimwa kabla yangu akachungulia akaniongezea manne, dereva wa lori mstaafu akaleta mengine matatu, na kabla hatujaachana tulikuwa wazee watano wenye orodha kamili. Tukawa tunakutana kila Jumatano kwenye mkahawa wa chuo. Mimi ndiye niliyewafundisha mbinu niliyoisoma zamani, ya kuliweka kila neno mahali unapopajua vizuri. Fundi aliyapanga kwenye nyumba ya mama yake, dereva kwenye barabara aliyoipita na lori miaka ishirini, na mimi kwenye mtaa niliouacha miaka arobaini na mmoja iliyopita na nisioweza kuurudia tena, nikaweka birika mlangoni kwa muuza taa, mwavuli kwenye ngazi za shule, na ghafla nikaona mlango wa muuza taa ulikuwa wa kijani na kitasa chake kilining'inia, jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka tangu nilipoondoka. Tulicheka sana, Shangazi. Fundi aliniambia, "Babu, ukisahau mwavuli leo, chai unalipa wewe," nikausahau makusudi ili nimnunulie.

Siku ya kupimwa hakuna kati yetu aliyetaja chini ya maneno ishirini na saba. Mjukuu alirudi nyumbani akiimba. "Babu, kuna wazee wamewashinda vijana," aliniambia, akanikumbatia na koti lake lililolowa mvua. Alhamisi ijayo anasimama mbele ya jopo litakaloamua kama ataendelea na mwaka wa pili. Nikinena, namvunjia furaha na labda masomo. Nikinyamaza, anasimama juu ya uongo wangu. Na, niseme ukweli wote, naogopa pia kuupoteza ule mtaa unaonirudia kila Jumatano.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Heshima nimeshakupa, sasa naiweka kando kidogo.

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Lakini hebu niambie, mwandishi aliyekuletea kitabu chenye kosa analolijua, akanyamaza ili mchapishaji asikasirike, ungemfanyaje? Unajua vizuri ungemfanyaje. Ulijua sharti, ukalisahihisha, ukalivunja, kisha ukafungua darasa.

Unasema unaogopa kumvunjia furaha. Furaha hiyo si yake, umemwazima tu, na jopo likiuliza swali moja la maana ataishikilia peke yake huku wewe umekaa nyumbani. Litaamua nini, mimi sijui na wewe hujui. Ndiyo maana huna haki ya kuamua kwa niaba yake.

Kwa hiyo mwambie leo, gazeti hili likiwa bado mkononi. Usingoje Jumatano, na usiende peke yako: mchukue fundi, mchukue dereva na wale wawili waliobaki. Mpe mjukuu orodha yenu na tarehe za kila mlipokutana, ili ajue matokeo yapi ayatoe na yapi yamebaki salama. Aende nayo kwa msimamizi wake kabla ya Alhamisi. Huenda mwanasayansi akaona jambo la kuchunguza katika mlichofanya, lakini usianze na hilo kama mtu anayeuza kosa lake kwa bei nzuri. Anza na "nimekukosea".

Atakasirika. Muache akasirike, ana haki hiyo. Mkahawa wa chuo haufungwi kwa sababu hiyo, endeleeni na chai yenu, ila chai safari hii ailipe fundi.

Na mtaa wako haupotei ukisema kweli. Mjukuu wako amezaliwa mbali nao, hajui hata kama muuza taa alikuwepo. Hasira zikishapoa, muombe akae karibu nawe bila mashine na bila fomu, kisha mpitishe mlango kwa mlango. Anzia ule wa kijani.